Nimeambiwa oksijeni inachoma seli zangu: niache kukimbia au niongeze vidonge?

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwanaume wa miaka 51, nina mke na watoto wakubwa. Sukari yangu ilianza kupanda mwaka jana. Daktari alinipima, akasema bado sijafika kwenye kisukari ila niko jirani nacho, akanitaka nipunguze uzito na nifanye mazoezi. Nikatii. Sasa nakimbia alfajiri karibu kila siku, tumbo limepungua na usingizi umenoga. Kilichonishinda ni sigara. Nimepunguza, lakini kuacha bado.

Juzi rafiki yangu mmoja anayeuza virutubisho alinipima kwa mashine yake. Unashika kifimbo cha chuma kiganjani kwa muda mfupi, kisha kompyuta inatoa karatasi zenye michoro ya rangi. Yangu ilitoka nyekundu kila mahali. Akaniambia seli zangu zina mkazo wa oksidishaji wa hali ya juu: oksijeni ninayovuta inageuka sumu humo ndani, inachoma seli na kuharibu DNA, na hiyo ndiyo inayozeesha watu na kuwaletea saratani. Nilipomwambia kwamba nakimbia, akashtuka. Eti ukihema sana unaingiza oksijeni nyingi, na sumu inakuwa mara dufu. Akanishauri nisimamishe mazoezi mpaka nimalize dozi yake, ambayo ni vitamini C ya miligramu 1,000, vitamini E, na beta-karotini, kila siku kwa miezi sita. Hiyo beta-karotini alisema ni maalumu kwa sisi wavuta sigara, inasafisha mapafu.

Nimeshaanza kumeza. Binti yangu anayesoma baiolojia chuoni aliziona chupa mezani, tukabishana mpaka mama yake akaingilia kati. Binti anasema mwili una kinga yake wenyewe na vidonge hivi ni kutupa pesa. Nikamuuliza, kwa hiyo hizo sumu hazipo? Akasema zipo. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kama zipo na zina madhara, kwa nini nisizizime? Na kama oksijeni ndiyo adui, kukimbia si ndiyo kujimaliza? Nieleze kwa lugha nyepesi, maana kemia niliachana nayo shuleni na hatujawahi kurudiana.

Mkimbiaji wa Alfajiri

JIBU

Ndugu yangu Mkimbiaji, nianze na la haraka, mengine yatafuata: beta-karotini iache leo hii. Mtu anayevuta sigara ndiye hasa asiyepaswa kuimeza kwa vidonge, na jambo hili limeshapimwa kwa watu kama wewe. Nchini Finland walichukuliwa wanaume wavuta sigara 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wakagawanywa kwa kura. Wapo waliopewa beta-karotini ya miligramu 20 kwa siku, wapo waliopewa vitamini E, wapo waliopewa vyote viwili, na wapo waliomeza vidonge visivyo na kitu ndani. Waliokuwa wakiendesha utafiti walitarajia saratani ipungue. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini ndio waliopata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi, kwa asilimia 18. Marekani nako kulikuwa na utafiti mwingine wa zaidi ya watu 18,000, wavuta sigara, walioacha, na waliofanya kazi penye vumbi la asbesto. Baadhi yao walipewa beta-karotini ya miligramu 30 pamoja na vitamini A. Utafiti huo ulikatishwa kabla ya wakati, Januari 1996, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 kwa waliomeza dawa. Kwa hiyo rafiki yako alichokuita maalumu kwa wavuta sigara ni maalumu kweli, ila kwa maana ambayo hakuikusudia. Nazungumzia vidonge tu. Beta-karotini iliyomo kwenye mboga na matunda unayokula haina tatizo, endelea nayo.

Sasa tuje kwenye swali lako, maana ni zuri na naona binti yako hakulimalizia. Hizo sumu zipo, na wewe mwenyewe unazitengeneza sasa hivi ukiwa umekaa unasoma. Ndani ya kila seli yako, isipokuwa chembe nyekundu za damu, kuna mitokondria, na humo ndimo nguvu inayotoka kwenye chakula inapovunwa. Elektroni (vichembe vidogo mno vya umeme) zinazotolewa kwenye chakula hupokezanwa na protini zilizopachikwa kwenye utando wa ndani, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa mnyororo ambako oksijeni inazisubiri. Molekuli moja ya oksijeni ikipokea elektroni nne pamoja na haidrojeni, yanapatikana maji. Hapo hakuna dhara lolote. Ila njiani baadhi ya elektroni huchoropoka, hasa kwenye kituo cha kwanza na cha tatu cha mnyororo huo. Oksijeni ikidaka elektroni moja tu badala ya nne, haiwi maji. Inakuwa superoksidi, molekuli isiyotulia, inayotafuta pa kumalizia haja yake.

Seli inajua hilo. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, nchini Marekani, walieleza kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho kazi yake ni kuikamata superoksidi na kuigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi. Aina moja ya kimeng'enya hicho hutumia shaba na zinki, na nyingine, inayokaa ndani ya mitokondria, hutumia manganizi. Haidrojeni peroksaidi bila shaka umewahi kuiona: ni ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda. Ukiimimina juu ya jeraha hutoa povu jeupe papo hapo. Povu lile ni oksijeni, na anayeitoa si dawa bali ni wewe. Kimeng'enya chako kiitwacho katalesi, kilichomwagika kutoka kwenye seli na damu, kinaivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na molekuli moja ya katalesi inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde moja. Ukimimina dawa hiyohiyo juu ya ngozi nzima isiyo na mchubuko, povu huwezi kuliona. Kando ya katalesi kuna kimeng'enya kingine chenye madini ya seleni, ambacho hufanya kazi pamoja na glutathioni, molekuli ndogo inayotengenezwa na seli yenyewe na kutumika tena na tena.

Madhara makubwa huja pale peroksaidi inapoponyoka ulinzi huo na kukutana na chuma kisichofungwa kwenye protini. Mkemia Mwingereza Henry Fenton aliandika kuhusu mchanganyiko wa chuma na peroksaidi mwaka 1894, bila kufikiria kabisa habari za seli. Kinachozaliwa hapo ni radikali (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzi) ya haidroksili, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Haina hata muda wa kuchagua pa kushambulia. Inaishi kama sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na chochote kilicho karibu nayo ndicho kinachoumia. Ikiwa karibu na DNA, guanini, moja ya herufi za DNA, hubadilishwa umbo, na seli inapoinakili DNA hiyo inaweza kuisoma vibaya na kuweka herufi isiyo yake. Kuna vimeng'enya vinavyopita kukagua na kukata herufi zilizoharibika, navyo hufaulu mara nyingi sana. Makosa machache yanayobaki ndiyo yanayoweza, kwa miaka, kuchangia saratani. Ikiwa karibu na utando wa seli, mambo ni mabaya kwa namna nyingine. Utando umejaa mafuta, na molekuli ya mafuta iliyonyang'anywa elektroni humnyang'anya jirani yake, naye jirani hivyohivyo, kama mtaa ambao kila aliyeibiwa anageuka mwizi. Vitamini E hukaa humohumo ndani ya utando na kazi yake ni kukata mfuatano huo kwa kutoa elektroni yake. Vitamini C huirudishia elektroni ili iendelee na kazi. Hapa muuzaji wako hakukosea: vitamini hizi zina kazi ya kweli. Amekosea kudhani kwamba ukizidisha kitu, na kazi yake inazidi.

Halafu kuna jambo ambalo wauza vidonge hawalitaji kabisa. Mwili huzitengeneza molekuli hizi kwa makusudi pia. Chembe nyeupe za damu zikimmeza bakteria, huwasha kimeng'enya kinachommiminia superoksidi kwa wingi. Wapo watoto wanaozaliwa kimeng'enya hicho kikiwa kibovu, na huandamwa na maambukizi mazito ya bakteria na fangasi tangu wakiwa wadogo. Zaidi ya hapo, peroksaidi kwa kiasi kidogo hutumika kama ujumbe ndani ya seli, ikiiambia ikue, ijirekebishe au iongeze ulinzi. Mtu angeweza kuzifuta molekuli zote hizi angekuwa mgonjwa mahututi.

Kwa hiyo kinachoitwa mkazo wa oksidishaji, jina lililopata umaarufu kupitia kazi ya Helmut Sies wa Ujerumani mwaka 1985, ni hali ya uzalishaji kuushinda ulinzi. Na kushindwa huko kunaweza kuanzia upande wowote. Sukari ikibaki juu kwa muda mrefu kwenye damu, mitokondria za kuta za mishipa hutoa superoksidi kupita kawaida. Mionzi hupasua maji yaliyomo mwilini na kuzaa haidroksili moja kwa moja. Uvimbe sugu, si ule wa saratani bali wa kinga ya mwili inayopambana, huziweka chembe nyeupe kazini muda wote. Upande wa ulinzi nako kuna njia za kuanguka: anayemeza parasetamoli kupita kipimo huimaliza glutathioni ya ini lake, ndiyo maana hospitalini hupewa dawa inayolisaidia ini kuitengeneza upya. Wengine huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na duniani wanakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 400. Chembe zao nyekundu hushindwa kuirudishia glutathioni nguvu yake, hivyo dawa kama primakuini ya malaria inaweza kuzipasua chembe hizo na kuufanya mkojo uwe mweusi. Hilo halijakuhusu kwa uliyoniandikia, ila mtu akitaka kupewa primakuini aulizie kipimo cha G6PD kwanza.

Wewe una vyanzo viwili tu vya kukuhangaisha, na kimojawapo unakiwasha kwa kiberiti. Kila mvuto wa moshi huingiza kwenye mapafu radikali kwa mamilioni ya mabilioni, na lami inayobaki huendelea kuzalisha superoksidi hata baada ya sigara kuzimwa. Moshi huohuo huziita chembe nyeupe kwenye mapafu, nazo zikifika huongeza zao. Ndiyo maana damu ya mvuta sigara huwa na vitamini C kidogo kuliko ya mwenzake anayekula sawa naye: inatumika na kuisha. Beta-karotini nayo ikiingia kwenye mapafu ya namna hii huvunjwavunjwa kuwa vipande ambavyo vyenyewe vina madhara, na hayo ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu yaliyotokea Finland. Vitamini C vilevile, ikikutana na chuma kilicho huru, inaweza kukirudisha katika hali ya kuzaa haidroksili upya. Molekuli yenye tabia ya kutoa elektroni haiulizi inampa nani.

Kuhusu kukimbia, hapa ndipo nilipokasirika kidogo niliposoma barua yako. Ni kweli unapokimbia unavuta oksijeni nyingi zaidi. Lakini mitokondria inayofanya kazi kwa bidii hupitisha elektroni haraka hadi mwisho wa mnyororo, na sehemu inayochoropoka haikui sambamba na pumzi zako. Molekuli hizi huongezeka kweli kwenye misuli wakati wa mazoezi, nyingine zikitoka nje ya mitokondria, kwa muda mfupi kisha zinashuka. Ongezeko hilo fupi lina kazi. Ndani ya seli kuna protini iitwayo Keap1, ambayo siku zote humshikilia mwenzake, Nrf2, na kumpeleka akavunjwe. Oksidishaji ikipanda, Keap1 hubadilika umbo na kumwachia. Nrf2 akishakuwa huru huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kutengeneza glutathioni na vimeng'enya vingine vya ulinzi. Mtu anayekimbia mara kwa mara huishia na ulinzi mkubwa kuliko aliyekaa.

Ukilizima ongezeko hilo kwa vidonge, nini hutokea? Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafanyisha mazoezi vijana wa kiume 40 kwa wiki nne. Nusu yao walipewa vitamini C ya miligramu 1,000 na vitamini E ya yuniti 400 kila siku. Wasiomeza vidonge, miili yao iliitikia insulini, homoni ya kushusha sukari, vizuri zaidi baada ya wiki hizo. Waliomeza hawakupata faida hiyo. Ulikuwa utafiti mdogo, na wengine waliofanya wa kufanana nao hawakupata matokeo hayohayo, kwa hiyo sikuapii. Lakini angalia mwenyewe: daktari amekupeleka barabarani ili mwili wako uitikie insulini, na wewe unamezea juu yake dozi ileile ya vitamini C. Mimi nisingeicheza bahati nasibu hiyo.

Vitamini E nayo ningeiweka kando. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliowahusisha wanaume zaidi ya 35,000, wale waliopewa yuniti 400 kila siku walikutwa baadaye, kwa matokeo ya mwaka 2011, na saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge vitupu. Pia huongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo kama unatumia mojawapo mwambie daktari kwamba umekuwa ukiimeza. Vitamini C ina unafuu: mwanaume anahitaji kama miligramu 90 kwa siku, mvuta sigara aongeze 35, na hizo mtu anazipata kwa matunda na mboga. Miligramu 1,000 haikuui. Nyingi utazikojoa, na kwa wanaume dozi kubwa zimehusishwa na mawe ya figo. Wakati majaribio 78 yaliyowahusisha watu 296,707 yalipokusanywa na kupitiwa pamoja mwaka 2012, vidonge vya antioksidanti, yaani vya kuzima molekuli hizi, havikuonekana kurefusha maisha ya mtu, na beta-karotini na vitamini E zilielekea kuyafupisha. Binti yako alisema ni kutupa pesa. Alikuwa mpole.

Ile mashine usiitie moyoni. Nimekwishakwambia haidroksili inaishi kwa muda gani. Hakuna kifimbo cha kushika kiganjani kinachoweza kuikuta hai, wala kuhesabu superoksidi iliyo ndani ya seli za ini lako. Maabara za utafiti hutafuta alama zilizoachwa nyuma, kwa mfano vipande vya mafuta yaliyooksidishwa au guanini iliyoharibika inayotolewa kwenye mkojo, kwa vyombo vikubwa na sampuli halisi. Hata hivyo vipimo hivyo si vya kumwandikia mtu dawa. Mashine isiyochukua damu wala mkojo, na inayomilikiwa na mwenye chupa za kuuza, imekupima mfuko.

Nguvu ulizokuwa unaziweka kwenye vidonge zipeleke kwenye sigara. Kupunguza ulikokufanya si haba, lakini mapafu yako yananufaika hasa unapoacha kabisa. Mwombe daktari msaada wa kweli: vibandiko au ubani wa kutafuna wenye nikotini, au dawa za kuandikiwa kama vareniklini, pamoja na mtu wa kukufuatilia. Hamu ikikupanda, hata matembezi mafupi ya haraka huipoza, na wewe miguu unayo tayari. Baada ya miaka kumi bila sigara, hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

Safari ijayo ya kliniki beba chupa zote tatu, daktari azione kwa macho yake. Omba kipimo cha sukari cha HbA1c, ambacho husoma wastani wa kama miezi mitatu iliyopita, ulinganishe na cha mwaka jana. Ukisikia maumivu ya kifua unapokimbia, simama na uende hospitali siku hiyohiyo, na ukikohoa damu vilevile usingoje miadi. Yasipokuwepo hayo, kesho alfajiri vaa viatu ukakimbie.